Kupaka Rangi Gitaa la Kwaya: Nyumbani au kwa Fundi?



Somo la mwezi huu ni la kazi ya mikono. Huenda mwingine atauliza, Rangi ya gitaa ina nini na kanisa? Na ajue kwamba katika sharika zetu nyingi kwaya za vijana huimba kwa magitaa ya umeme, na magitaa hayo hayakuota shambani. Yalinunuliwa kwa sadaka, na katika sadaka hizo imo senti ya mjane. Miaka ikipita, rangi hubanduka, pembe huchubuka, na vijana husema, Na tulipake upya. Hapo huzuka neno: Je, tulipake wenyewe, au tulipeleke kwa fundi? Neno hili limewagawa wanakwaya mara nyingi, maana mmoja hutazama fedha, mwingine hutazama uzuri, na wachache hutazama kazi yenyewe jinsi ilivyo.

Iko kwaya moja tuijuayo. Zilisalia siku tatu kabla ya sikukuu ya Pentekoste. Vijana wakanunua kopo la rangi ya mafuta, ile ipakwayo milango na madirisha, wakalifungua gitaa, wakalipaka kwa brashi usiku, kila mahali, nje na ndani. Asubuhi liling'aa, wakafurahi. Walipolirudisha shingo yake, haikuingia vema mahali pake, kwa kuwa rangi ilikuwa imejaa humo. Wakaikaza kwa nguvu, ikakaa upande. Nyuzi zikawa juu mno, vidole vikauma. Waya mmoja mdogo ulikuwa umekatika bila wao kujua, na gitaa likawa likivuma kama nyuki kila lilipowashwa. Siku ya sikukuu mpigaji akalivaa, na kanzu yake nyeupe ikabandikana na rangi ambayo ilikuwa bado mbichi. Baadaye fundi alilipwa mara mbili: kwanza kuondoa rangi yao, kisha kupaka yake.

Vijana wale hawakukosa bidii. Walikosa hesabu. Bwana wetu alitufundisha habari ya mtu atakaye kujenga mnara, ya kwamba hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28-30). Neno hilo ndilo kipimo cha somo hili. Mwenye kupaka nyumbani hulipa, na mwenye kwenda kwa fundi hulipa. Ila kila mmoja hulipa kwa namna yake. Basi na tuhesabu.

I. Gitaa la umeme ni chombo cha namna gani

Kiwiliwili cha gitaa la umeme kwa kawaida ni ubao mzima, hakina tumbo tupu kama gitaa lisilo la umeme. Nyuzi za chuma hutikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana; mtikisiko ule huzaa umeme kidogo katika waya, nao hupelekwa mpaka kwenye kikuza sauti. Kwa hiyo mtu asidhani ya kuwa rangi mpya italipa gitaa sauti mpya. Atakaye sauti njema na abadilishe nyuzi zilizochakaa, wala asinunue rangi. Rangi ina kazi mbili tu: kuulinda ubao na jasho, unyevu na mikwaruzo, na kuyapendeza macho.

Haya ni ya gitaa la ubao mzima. Gitaa lenye tumbo tupu huimba kwa uso wake mwembamba, na rangi nzito huweza kuizuia sauti yake. Hilo lisipakwe kwa kufuata somo hili.

Katika kiwiliwili mna mahali patatu pa kuangaliwa sana. Pa kwanza ni shimo ambamo shingo huingia. Shimo hilo limekatwa kwa kipimo. Rangi ikijaa humo, shingo huinuka au huenda upande, na gitaa lote hupotea. Pa pili ni mashimo ya sumaku na ya vifungo vya sauti. Mara nyingi humo mna karatasi ya shaba au rangi nyeusi maalumu ya kuzuia mvumo. Mtu asiifute wala asiifunike. Pa tatu ni waya mdogo utokao katika shimo la vifungo na kwenda kugusa daraja la nyuzi. Huo ndio waya wa ardhi. Ukikatika, gitaa huvuma, kama lilivyovuma la wale vijana.

II. Rangi hizi zilitoka wapi

Magitaa ya ubao mzima yalianza kuenea tangu mwaka 1950, wakati kiwanda cha Leo Fender, katika mji wa Fullerton, California, Marekani, kilipotoa gitaa ambalo tangu 1951 huitwa Telecaster. Mwaka 1954 likafuata lile liitwalo Stratocaster. Kiwanda hicho hakikubuni rangi zake chenyewe, kilizitwaa kwa watengenezaji wa magari. Katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ilikuwa imetoa rangi iitwayo Duco, iliyotengenezwa kwa nitroselulosi, ambayo asili yake ni pamba iliyotiwa asidi na kuyeyushwa. Kabla ya hapo rangi ya gari ilihitaji siku nyingi, hata majuma, ikauke. Duco ilipulizwa kwa upepo, ikakauka kwa saa chache.

Basi mnunuzi wa gitaa la Fender aliyependa rangi isiyo ya kawaida aliongeza asilimia 5 juu ya bei, akapewa rangi ya gari. Nyekundu iitwayo Fiesta Red ilikuwa rangi ya gari la Ford Thunderbird la mwaka 1956. Buluu iitwayo Lake Placid Blue ilikuwa ya Cadillac. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda hicho kikaanza kutumia poliesta, ambayo hufanya ganda nene na gumu. Lakini kiwanda cha Gibson hata leo hutumia nitroselulosi.

Twapata faida gani kwa kuyajua haya? Twapata mbili. Kwanza, fundi wa kupuliza rangi za magari aliye katika mji wetu si mgeni wa kazi hii. Ni ndugu wa wale walioyapaka magitaa ya kwanza. Pili, rangi ya gitaa tangu zamani si rangi ya mlango. Ni rangi ya kupulizwa, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba. Anayetaka kuifanya nyumbani hana budi kuifuata desturi hiyo.

III. Kazi ya nyumbani, hatua kwa hatua

Mtu asiye na mashine ya upepo aweza kununua rangi iliyo katika makopo ya kupuliza. Kiwiliwili kimoja kwa kawaida huhitaji kopo moja la rangi ya kwanza, makopo mawili ya rangi yenyewe, na mawili au matatu ya vanishi isiyo na rangi. Ongeza msasa wa namba nyingi, utepe wa karatasi, vitambaa safi, thina na barakoa. Mkiisha kuyajumlisha hayo yote, mtaona kwamba tofauti ya bei kati ya nyumbani na kwa fundi ni ndogo kuliko mlivyodhani. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza.

Kufungua. Kabla ya kugusa bisibisi, chora waya zote katika karatasi, au zipige picha kwa simu, rangi ya kila waya na mahali ulipolehemiwa. Legeza nyuzi zote polepole, kisha uzitoe. Fungua shingo, na skrubu za kila sehemu uzitie katika bahasha yake iliyoandikwa. Kama shingo imeshikwa na rangi ya zamani, pitisha kisu kikali pembezoni mwake, ganda lisije likabanduka vipande.

Rangi ya zamani. Wengi hufikiri kwamba lazima kuondoa rangi yote mpaka ubao uonekane. Si lazima. Kama rangi ya zamani imeshika imara, yatosha kuisugua kwa msasa namba 320 hata mng'ao wote uishe, na kuziba mashimo kwa puti. Ganda la kiwandani ni msingi mzuri kuliko ule utakaoufanya wewe. Bali kama imepasuka na kubanduka, hiyo yapasa kuondolewa. Usitumie dawa za kubandua zenye dikloromethani. Mvuke wake umeua watu waliokuwa wakifanya kazi katika vyumba vilivyofungwa, na Marekani ilikataza mwaka 2019 zisiuzwe kwa watu wa nyumbani. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Kwa hiyo usizisugue kavu, wala usiache watoto wacheze na vumbi lake.

Kusafisha. Gitaa lililopakwa nta au dawa ya kung'arisha samani hukataa rangi. Rangi hujikusanya pembeni na kuacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Futa kiwiliwili kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti nyeupe, kisha kwa kitambaa kikavu, na tangu hapo usikishike kwa mikono mitupu, maana hata mikono ina mafuta.

Ubao mtupu. Kama gitaa limechongwa hapa kwetu kwa mninga, mkangazi au mvule, ujue ya kuwa miti hii ina vinyweleo vikubwa. Vinyweleo visipozibwa, rangi huzama humo, na baada ya miezi uso wa gitaa huwa na mistari mistari. Hata Fender walilijua neno hili: kwa sehemu kubwa ya magitaa yao waliuacha mti wa ash tangu mwaka 1956 wakatumia alder, ambao vinyweleo vyake ni vidogo na kazi yake ni nyepesi. Piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 220, daima kwa kufuata nyuzi za mti; jaza vinyweleo kwa dawa ya kujazia, ikauke, sugua tena. Vumbi la mvule huwadhuru watu wengi kifuani na katika ngozi, vaa barakoa.

Kuzuia. Ziba kwa utepe shimo la shingo na mashimo ya sumaku. Funga kijiti kirefu kwa skrubu katika shimo la shingo, kiwe mkono wa kukishikia kiwiliwili na kukitundika.

Kupuliza. Tikisa kopo dakika mbili au zaidi. Lishike mbali na kiwiliwili kiasi cha sentimita 20 hadi 30. Anza kupuliza kabla ya kufika pembeni, pita moja kwa moja bila kusimama, umalizie nje ya pembe ya pili, na kila mpito ufunike nusu ya mpito uliotangulia. Tabaka la kwanza liwe kama ukungu tu, ubao uonekane bado. Hapa ndipo wengi huanguka: wakiona rangi haijafunika, huongeza papo hapo, nayo hutiririka kama machozi. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene. Fuata saa zilizoandikwa katika kopo kati ya tabaka na tabaka. Rangi ya kwanza ikikauka, isugue kwa namba 400. Kisha tabaka tatu au nne za rangi. Kisha vanishi tabaka sita au zaidi, tatu kwa siku moja na tatu siku inayofuata.

Hewa. Siku ya mvua au ya ukungu usipulize. Thina ikipaa hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewa hushuka juu yake, na rangi hugeuka kuwa nyeupe kama maziwa. Ndugu walio pwani, na wa kando ya ziwa, na wa milimani wakati wa masika, na waliangalie sana neno hili. Saa nzuri ni ile jua limekwisha kukausha umande na upepo bado haujainua vumbi.

Kungoja. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, ingawa mkono haufanyi kazi yoyote. Rangi huonekana kavu kwa saa moja, lakini ndani yake thina ingalimo. Nitroselulosi yahitaji majuma mawili hadi manne kabla ya kusuguliwa, na rangi ya mafuta huweza kukaa mbichi muda mrefu zaidi. Weka pua yako karibu: ukisikia harufu ya thina, bado. Kwa hiyo kwaya itakayo gitaa lake kwa Krismasi haiwezi kuanza Desemba. Na ianze Oktoba, tena ihesabu na mvua za vuli.

Kung'arisha. Rangi ya kupulizwa haitoki kopo ikiwa kioo. Uso wake hufanana na ganda la chungwa. Isugue kwa msasa wa maji, namba 1000, kisha 1500, kisha 2000, na tone la sabuni ndani ya maji. Usisugue pembeni, maana huko vanishi ni nyembamba na mara utaufikia ubao. Tena usiache maji yaingie katika matundu ya skrubu. Mti huvimba na rangi hupasuka kuyazunguka matundu hayo. Mwisho, ng'arisha kwa dawa ya kung'arishia magari na kitambaa laini.

Na katika hatua zote hizi, jambo moja lisisahauliwe: fanya kwanza katika kipande cha ubao, kwa rangi zile zile na kwa utaratibu ule ule. Thina ya rangi moja huweza kuikunjakunja rangi ya namna nyingine iliyo chini yake, kama ngozi ya mzee. Ni heri kosa hilo lionekane katika kipande cha kutupa kuliko katika gitaa la kanisa.

IV. Hatari za kazi hii

Neno hili twaliweka peke yake, maana gitaa likiharibika hununuliwa lingine, bali pumzi ya mtu hainunuliwi.

Rangi za kupulizwa na thina zake hushika moto upesi. Msipulize karibu na jiko, mshumaa wala sigara, wala ndani ya jengo la kanisa, wala chumbani wanapolala watoto. Fanyeni nje, penye kivuli, au katika banda lililo wazi pande mbili. Kitambaa cha kawaida kilichofungwa puani huzuia vumbi tu. Mvuke wa thina hupita. Tumieni barakoa yenye vichujio vya mkaa.

Iko namna moja ya rangi ambayo twawaonya msiitumie nyumbani kabisa. Ni ile ya vikopo viwili, rangi na dawa ya kuigumisha, ambayo mafundi wa magari huipenda kwa ugumu na mng'ao wake. Dawa za namna hiyo kwa kawaida zina isosianeti, nazo ni miongoni mwa sababu kubwa za ugonjwa wa pumu kwa wapulizaji wa rangi za magari. Mtu aliyekwisha kuguswa nayo mara huweza kupata shida ya pumzi baadaye kwa kiasi kidogo sana, na harufu yake haimwonyi mapema. Fundi aipulizaye yapasa avae barakoa iletewayo hewa safi kwa mpira kutoka nje. Hata kama inauzwa katika kopo moja lenye kitufe chini, sumu yake ni ile ile.

Na wale watakaopaka mafuta ya kitani badala ya rangi, wajue ya kuwa vitambaa vilivyolowa mafuta hayo, vikikunjwa na kuachwa katika lundo, huweza kupata joto vyenyewe na kuwaka moto bila kiberiti. Vitandazeni nje vikauke, au vilowekeni katika maji.

V. Kazi ya fundi

Fundi mzuri hutupa vitu vitatu tusivyo navyo. Ana mashine ya upepo, ipulizayo matone madogo kuliko kopo, hata uso hutoka laini. Ana mahali pasipo vumbi na vifaa vya kujilinda, hata aweza kutumia rangi ngumu tulizowakataza ninyi. Tena ana mkono uliokwisha kukosea mara nyingi katika kazi nyingine, ili usikosee katika yako. Hicho cha tatu ndicho kilicho ghali, nacho hakionekani. Tusikidharau. Mungu alipotaka hema yake ipambwe, alimwita Bezaleli kwa jina, akamjaza ujuzi wa kazi za mafundi (Kutoka 31). Malipo ya fundi si hasara. Ni heshima kwa karama aliyopewa.

Lakini fundi wa magari amezoea chuma, si ubao. Kwa hiyo ni lazima kumwambia mambo kadhaa kabla hajaanza. Mpelekeeni kiwiliwili kitupu, mkiwa mmekwisha kufungua shingo, waya na sumaku, maana kazi hiyo si yake. Mwambieni asitie rangi wala puti katika shimo la shingo. Mwambieni asikiingize katika joto la kukaushia magari, ambalo hufika nyuzijoto 60. Chuma hustahimili, bali mti hukauka na kupasuka, na gundi yake huweza kulegea. Mwombeni apulize tabaka nyembamba, asilivike gitaa ganda kama la lori. Mtazame kazi zake za kwanza kwa mwanga wa jua. Na mapatano ya bei na siku yaandikwe katika karatasi, isije ikaharibika kazi na urafiki pamoja.

VI. Basi tuchague nini?

Hatuwezi kutoa neno moja kwa magitaa yote, bali twaweza kuwapa maswali manne ya kuhesabia.

La kwanza: Gitaa ni la nani? Kama ni lako, umelinunua kwa jasho lako, una ruhusa ya kujifunza juu yake na kukosea. Kama ni la usharika, si haki kujifunzia mali ya wote bila idhini. Lipelekwe neno kwa baraza la wazee, liandikwe.

La pili: Gitaa lina thamani gani? La bei ndogo lafaa kwa mwanafunzi. Lakini kama ni gitaa la zamani lililotoka kiwanda chenye jina, lenye rangi yake ya kwanza, msilipake kabisa, wala nyumbani wala kwa fundi, hata kama limechakaa. Wanunuzi wa vyombo vya namna hiyo hutoa bei kubwa kwa rangi ya asili, nayo ikiisha kufutwa hairudi.

La tatu: Mna siku ngapi? Kama ni chini ya mwezi mmoja, kazi ya nyumbani imekwisha kukataliwa na kalenda.

La nne: Mwataka uso wa namna gani? Anayeridhika na mti wenyewe, uliopakwa mafuta au vanishi ya maji kwa kitambaa, aweza kuifanya kazi hiyo nyumbani vema sana, bila mashine na bila sumu nyingi. Anayetaka ung'ao kama wa gari jipya, na aende kwa mwenye kupaka magari.

Tena iko njia ya katikati, nayo ndiyo tunayoisifu kwa kwaya nyingi. Sehemu kubwa ya kazi hii haimo katika kupuliza. Imo katika kufungua, kusafisha, kuziba na kusugua. Rangi haifichi kasoro, bali huifunua: mkwaruzo usioonekana katika ubao huonekana mara mbili chini ya mng'ao. Basi vijana na wafanye wenyewe kazi ya chini, kwa subira, jioni baada ya mazoezi, kisha kiwiliwili kilichokwisha kutengenezwa kipelekwe kwa fundi apulize tu. Bei hupungua, pumzi za vijana huhifadhiwa, na kila mmoja atasema, Nami nilishika msasa.

Gitaa likirudi, lisiegemezwe juu ya kishikio chenye mpira kama rangi yake ni nitroselulosi, kwa kuwa mpira huiyeyusha rangi hiyo polepole na kuacha alama isiyofutika. Vikeni kishikio hicho kitambaa cha pamba.

Dkt. Martin Luther mwenyewe alikuwa mpigaji wa kinanda cha nyuzi, tena alifundisha ya kuwa kazi ya fundi aifanyayo kwa uaminifu ni utumishi mbele za Mungu sawasawa na kazi ya mhubiri. Sehemu ya chini ya kazi, isiyoonekana na mtu, ndiyo inayobeba ile ionekanayo. Kwaya itakayoyajua hayo kwa msasa huenda ikayajua na kwa nyimbo zake: ya kuwa mazoezi ya siku ya kazi, yasiyosikiwa na mtu, ndiyo yanayoimba siku ya Jumapili.

Maswali ya kujadiliana katika kwaya

1. Kwa nini rangi mpya haibadilishi sauti ya gitaa la umeme?
2. Ni mahali gani patatu katika kiwiliwili panapopasa kulindwa, na kwa sababu gani?
3. Rangi gani haifai kupulizwa nyumbani kabisa? Mtaitambuaje dukani?
4. Hesabuni gharama ya kulipaka gitaa lenu nyumbani: makopo, msasa, vifaa vya kujilinda na majuma ya kungoja. Kisha mwulizeni fundi bei yake, na mlinganishe.
5. Someni Luka 14:28-30. Ni kazi gani katika usharika wetu iliyoanzwa bila hesabu, nasi twaweza kuimaliza namna gani?